Mama Tu Yuko Jikoni

Mtoto alikuwa analia na hakuna aliyemsikia.

Nilimwona kupitia mlango wa chumbani, nami nimekaa sebuleni napepeta mchele. Amelala chali kitandani, kinywa kimefunguka chote mpaka ufizi unaonekana, miguu inapiga hewa, uso umeiva kama nyanya. Mwanaidi, mama yake, ambaye ni mjukuu wangu, alikuwa amempa mgongo, anakunja nepi huku anaimba taratibu. Angenyoosha mkono nyuma angemgusa. Mimi pia sikusikia kitu. Kuku wa nje nilimsikia, na wimbo wa Mwanaidi niliusikia. Mtoto tu ndiye hakuwa na sauti, kama anayelia ndani ya chupa.

Nikapiga makofi. Nilijua ni bure, lakini mikono huwa inasahau. Mwanaidi hakugeuka. Nikaweka ungo chini, nikaingia, nikamgusa bega. Aligeuka anatabasamu, akaniona usoni, kisha akamwona mtoto.

“Jamani! Tangu saa ngapi?” Akamnyakua, akamweka begani. “Bibi, mbona hakulia?”

Nikachomoa kibao changu cha kuandikia kiunoni, nikaandika: *Analia.*

“Simsikii.” Akabonyeza kipuli cha kulia, akabonyeza cha kushoto. “Vipuli ni vizima. Namsikia jogoo, namsikia baba anakohoa kule. Bibi, simsikii mwanangu!”

Akamsogeza mtoto mpaka kinywa kikamgusa sikio. Machozi na udenda vikamlowesha shingo. Bado hakusikia.

Nikakaa kitandani. Kwangu mimi ilianza hivyo hivyo. Na yule mtoto amepewa jina langu, Mwajabu, na kila aliyemsikia siku za mwanzo alisema sauti yake nzito, ina mkwaruzo, ni ya bibi yake mtupu.

*

Sisi wa milimani tunaishi na minara. Minara inakamata ukungu, inaukamua maji, na maji yanateremka kwenda miji ya chini. Kazi njema, hatukatai. Lakini inanguruma usiku na mchana, na ukisimama uso kwa uso na mtu huambulii neno. Ndiyo maana kila mtu ana vipuli masikioni, na mtoto huvishwa vyake siku anayozaliwa. Ukivivua, ngurumo inakupiga mpaka mizizi ya meno inauma. Na ndani ya kila kipuli, kwetu na kwa wenzetu wa nchi nyingine zenye minara, kuna Kifumbu.

Kifumbu alikitengeneza mwanangu Singano, na jina alilitoa jikoni kwangu. Kifumbu cha nazi mnakijua: unakamua, tui linapita, machicha yanabaki. Hiki cha kwake kinakamua sauti. Maneno ya watu yanapita, ngurumo inabaki. Hakukiuza kwa mtu. Msimbo wake uko wazi, anayetaka asome, anayetaka aongeze chake, na walioongeza ni wengi, wengine hata sura zao hatuzijui, wanajitolea tu baada ya kazi zao. Lakini kusema hili liingie na hili lisiingie, hiyo ilikuwa juu ya Singano. Yeye ndiye mwenye funguo.

Sasa macho yake yanazimika. Skrini anaiona kama kitu kilichozama kwenye uji. Akawaandikia wenzake kwamba anampa funguo binti anayeitwa Tumsifu, wa kule Bumbuli, ambaye kwa miaka kadhaa ndiye aliyekuwa akizirekebisha hitilafu ngumu kuliko wote.

Binti mwenyewe alifika siku ile ile mtoto alipoacha kusikika, buti zina matope mpaka juu, begi mgongoni.

“Shikamoo, bibi!”

Nikaitikia marahaba. Akaona midomo yangu imecheza, akangoja, kisha akamtazama Singano.

“Mama hana sauti,” Singano akasema. “Koo. Anaandika.”

“Oh, pole sana, bibi. Tangu lini?”

“Zamani,” akajibu yeye kwa niaba yangu.

Zamani, ndiyo. Kwanza nilipotea nikiimba. Naanza wimbo jikoni, siusikii. Kisha kikohozi changu kikapotea, kisha kandambili, watu wakawa wanaruka kwa kushtuka nimewatokea nyuma. Kisha mchi. Mwisho maneno. Daktari alinimulika kooni akasema, “Bibi, koo hili la msichana.” Vipuli vyake vinang'aa masikioni. Darasa la nne ndilo nililofika, na herufi nilikuwa nimeziacha huko huko. Ikabidi nizirudie uzeeni, kama mwanamke anayerudi kwa mume aliyemwacha.

Kwamba sauti ninayo, hilo nilikuwa nalijua. Mara moja kwa mwezi minara huzimwa tangu asubuhi hadi alasiri ipakwe mafuta, na siku hiyo mimi huvua vipuli nikaenda migombani kuongea na kuku. Najisikia vizuri kabisa. Nilimwandikia Singano: *Vua vipuli siku ya mafuta, unisikie.* Akasema, mama, masikio yangu hayawezi. Nikamwandikia tena mwaka uliofuata. Akasema vile vile. Nikaacha. Siku hizi hakuna anayevivua. Wengi hata hawajui kwamba minara imezimwa, kwa sababu ndani ya vipuli kimya ni kile kile.

Niliwapikia chai ya mchaichai na mihogo. Singano alikuwa amechangamka, anamhadithia Tumsifu ugomvi wa watu wa mradi.

“Nakupa vyote. Tovuti, funguo, na yule mzee wa Kisangani anayekataa kila badiliko kisha analitumia. Huyo naye ni wako.”

“Huyo nimeshamzoea. Tunatukanana kila Jumatatu.”

“Ila kitu kimoja.” Singano akaweka kikombe. “Mbegu usiiguse.”

“Ile rekodi ya kwanza?”

“Ndiyo. Hapo ndipo Kifumbu kilipojifunza kelele ni nini. Kila toleo limejengwa juu yake. Ukiitoa, kinasahau kila kitu, na ngurumo inaingia masikioni mwa watu mpaka kijifunze upya.”

“Mzee, kila kitu chetu kiko wazi, mbegu tu ndiyo uliyoifungia. Watu wanauliza kwa nini.”

“Kwa sababu nimesema.”

Tumsifu akacheka, akidhani ni mzaha. Singano hakucheka.

“Haya. Na machicha kesho nitaonja, au nayo umeyafungia?”

Hiyo ndiyo desturi yao. Anayekabidhiwa dhamana yoyote ya Kifumbu hukaa siku ya mafuta, anavua vipuli, anasikiliza kwa masikio matupu yale yaliyokamuliwa yakatupwa, apate kujua anatupa nini. Desturi hiyo Singano mwenyewe aliianzisha, ujanani. Wengi siku hizi wanasikiliza kidogo tu, wanaona ni ngurumo, wanasema nimeonja, basi.

“Desturi ni desturi,” akasema, lakini kikombe kiligonga sahani alipokiinua.

Ndipo Mwanaidi akaingia na mtoto mgongoni. “Baba, huyu mtoto vipuli havimsikii. Hata alie vipi. Mfanyie kitu.”

Singano akapapasa kikombe chake. Mtu ambaye macho yake yameharibika husahau kwamba wengine wanamwona usoni. Mimi nilimwona. Mwanangu hakushangaa.

*

Siku ya mafuta Tumsifu alitandika mkeka jikoni kwangu, akaweka spika ya zamani karibu na mafiga, akavua vipuli. Mimi nilikaa mlangoni, nikavua vyangu. Singano alikaa sebuleni na vyake.

Nje kulikuwa kimya kile cha kweli, kinachokufanya usikie damu yako. Spika ikaanza kunguruma. Tumsifu alikuwa amefumba macho, kichwa kimeinama. Ngurumo, ngurumo, ngurumo. Akazungusha kidude cha spika, ngurumo ikashuka chini, na kitu kikabaki juu yake, kama povu.

Ilikuwa sauti ya mwanamke anaimba bila maneno.

Kisha ikasema: “Singano, chai tayari.” Ikakohoa. “Singano, kula mwanangu, umekonda.” Kandambili zikapita. Mchi ukatwanga. “Singano, njoo unisikilize kidogo.” “Singano, baba yako hajambo leo, ameuliza habari zako.” Baba yake alishakufa. Maneno hayo niliyasema yeye akiwa hai, mlangoni kwa Singano, nikadhani mwanangu amechoka tu hataki kunijibu.

Tumsifu hakutikisika. Alizidi kuzungusha. Nyuma ya sauti yangu wakatokea wengine. Wanawake, wengi, sauti zote nzito zenye mkwaruzo, lugha nyingine sizijui. Mmoja anaita mtoto jina lile lile, anaita, anaita. Mmoja anabisha hodi. Mmoja anahesabu kitu. Mmoja akasema kwa Kiswahili, polepole, bila hasira, kama mtu aliyekwisha kuzoea: “Nifungulieni. Nipo huku nje.” Walikuwa wamerundikana humo kama watu waliofungiwa ghala moja na hawaonani.

Na juu yao wote, mpya, wa jana, mtoto analia.

“Ee Mungu wangu,” Tumsifu akanong'ona. “Ni nani hawa?”

“Wa kwanza ni mimi,” nikasema.

Aliruka akapiga kichwa kwenye rafu ya sufuria. “Bibi! Unaongea!”

“Naongea siku zote, mwanangu.”

Akanitazama, akaitazama spika, akanitazama tena. Kisha akainuka, akaenda sebuleni, akarudi na Singano amemshika mkono kama anayemleta mtu hospitali.

“Fungua mbegu,” akamwambia. “Hapa, sasa hivi, bibi akiwepo.”

Nilidhani atakataa. Lakini alikaa kwenye kigoda, akapapasa kompyuta, akaandika neno lake la siri, na spika ikakwaruza. Zikaja sauti za vijana. Moja ilikuwa ya Singano, bado ina wembamba.

“Majaribio. Nyumba tupu, ngurumo ya mnara peke yake.”

“Una hakika? Hakuna mtu ndani?” mwenzake akauliza.

“Hakuna mtu. Mama tu yuko jikoni.”

Kisha ngurumo ya mnara wa kwanza, ndefu. Na ndani ya ngurumo mwanamke anatwanga, anaimba. Nilikuwa nawapikia wao chakula cha mchana.

Tumsifu alikuwa ameshika mdomo. Singano hakusikia kitu baada ya maneno yale. Vipuli vilikuwa masikioni mwake, na kwake yeye pale palikuwa kimya tu. Lakini alijua kilichokuwa kinasikika, kwa jinsi alivyoinamisha kichwa.

“Ukakifundisha kwamba yeye ndiye kelele,” Tumsifu akasema. Akavibana vipuli vyake kiganjani kwa hasira. “Na kila anayefanana naye. Ulijua?”

“Nilijua nikiwa nimeshachelewa. Watu wa nchi ngapi walikuwa wameshakivaa.” Akafuta uso kwa kiganja. “Nilijaribu. Niliifuta mbegu siku moja, sikumwambia mtu. Niliona aibu kuwaambia nimekosea nini. Kijazi, fundi wetu wa minara, alikuwa juu ya mnara. Wenzake wakampigia kelele ashuke, mkanda unaanza kuzunguka. Masikioni mwake ngurumo tupu. Jioni nikairudisha mbegu.” Akamgeukia binti. “Ningechagua nini, Tumsifu? Mama anaandika. Kijazi haandiki tena.”

Nikasema neno. Hakugeuka. Nikamwomba Tumsifu amfikishie.

“Bibi anasema alimlilia Kijazi. Anasema alipiga yowe msibani, na hakuna aliyegeuza shingo.”

Singano akafumba yale macho yake.

“Anasema, yeye mwache. Ameshazoea. Ila mtoto hatamwacha.”

*

Mwanaidi alikuwa amesimama uani muda wote huo. Nilimfuata, nikamvua kipuli kimoja kwa mkono wangu, akashtuka, nikamvua na cha pili. Mtoto alikuwa mgongoni mwake analia.

Alisimama kama aliyemwagiwa maji. Nikaona kanga yake kifuani inaanza kulowa, upande mmoja, kisha wa pili, maziwa yanajitokea yenyewe. Akamzungusha mtoto mbele, akaketi chini pale pale kwenye vumbi, akamnyonyesha, huku anasema, “Kumbe ndiyo wewe. Kumbe ndiyo wewe.”

Aliporudi jikoni hakuvaa vipuli tena. “Futa,” akamwambia Tumsifu.

“Sina funguo. Anazo baba yako.” Tumsifu akamgeukia Singano. “Nakwambia mapema, usije ukasema nilikulaghai. Ukinipa, naifuta mbegu, na kila mtu ataambiwa kwa nini. Hutaki, narudi kwetu Bumbuli, na hiki kitu kitazeeka mikononi mwako.”

“Na walio juu ya minara?”

“Tunaanza na milima yetu. Wenzetu wa nje watalichukua toleo wakishajiandaa. Hapa nawaandikia wasimamizi wa kila mnara, washushe watu, wakae chini mpaka Kifumbu kijifunze kelele mpya. Hadi kesho jioni kitakuwa kimeshika. Maji ya mjini yatachelewa. Watatutukana. Nimezoea.”

Akaandika. Majibu yakaanza kuingia, msimamizi mmoja mmoja, tumeshuka, tumeshuka, kuna nini kwani, tumeshuka. Ukabaki mnara wa Kwembago. Akaandika tena. Akapiga simu. Haikupokelewa.

Minara huwaka yenyewe alasiri, inaendeshwa na saa iliyoko mjini, hakuna wa kuiomba. Mimi saa yangu ni kivuli cha paa la jiko. Kikifika kwenye jiwe la kusagia, minara inaamka. Kilikuwa kimelikaribia. Mbegu hurekodiwa ngurumo ikianzia kwenye kimya, kwa hiyo tusipofuta na kurekodi leo, ni mpaka siku ya mafuta ya mwezi ujao, na mwezi mzima mtoto alie ndani ya chupa.

“Watakuwa wameshuka hao,” Mwanaidi akasema. “Muda wote huu? Simu wameiacha tu mahali.”

“Kwembago mtandao ni mbaya,” Tumsifu akasema, lakini alikuwa anajisemea mwenyewe.

Singano alikuwa ameshapapasa kompyuta. Kidole kilikuwa juu ya kitufe cha kukabidhi. Nadhani naye alitaka liishe, alikuwa amelibeba muda mrefu mno. “Pengine kule juu hakuna mtu,” akasema.

Alilisema vile vile, kwa sauti ile ile, ila imezeeka.

“Ngojeni,” nikasema.

Tumsifu akaniangalia. Mwanaidi naye, maana sasa alinisikia, na machozi yakamtoka kwa kunisikia na kwa nililosema.

“Bibi, mtoto!”

“Mtoto ninamtaka kuliko wewe. Ngojeni. Uliza tena.”

“Na kikipita kivuli?”

“Kikipita, kimepita. Nitakaa naye mimi mwezi mzima, simtoi machoni. Uliza tena, mwanangu. Uliza mpaka mtu ajibu.”

Tumsifu akamwambia Singano niliyosema. Singano akaondoa kidole.

Tukangoja. Kwenye spika, kwa chini, wale wanawake walikuwa bado wanasema. Kivuli kikagusa ukingo wa jiwe. Tumsifu anapiga, anakata, anapiga.

Simu ikapokelewa. Mwanamume alikuwa anahema.

“Kwembago hapa! Samahani jamani, tuko chini. Tulikuwa tumeshashuka zamani, tukahesabiana, tukaona tuko sawa, kumbe tumemsahau mpishi kule juu. Ikabidi turudi kumfuata. Hebu msikieni, bado anatutukana.”

Na kweli nyuma yake kulikuwa na mwanamke anawachambua mmoja mmoja kwa majina ya baba zao. Tumsifu akaanza kucheka, kicheko kikageuka kilio.

Singano akabonyeza. Funguo zikahama. Tumsifu akaandika maneno machache, akagonga kitufe, na kwenye mashavu ya Singano nikaona taa ndogo za vipuli zikizimika na kuwaka upya.

Akainua kichwa. Alikuwa anaogopa, uso mzima, kama alipokuwa mdogo kwenye giza.

“Mama?”

“Chai yako imepoa,” nikamwambia.

Akapapasa hewani mpaka akaupata mkono wangu, akaushika, akakaa nao. Hakuomba msamaha siku hiyo. Nami sikumdai.

“Haraka,” Tumsifu akasema. “Kinasa sauti mezani, wote nje, hata paka. Tunarekodi ngurumo ikianza, nyumba iwe tupu kweli.”

Tukatoka uani, Singano nimemshika, Mwanaidi na mtoto wake. Tumsifu akabaki mlangoni, akaingiza kichwa.

“Hodi! Kuna mtu?”

Akangoja ajibiwe. Na ndani ya jiko mtu akaimba.

Nywele zilinisimama. Ilikuwa sauti yangu, ila haijazeeka. Katika haraka tuliiacha nakala ya mbegu inazunguka kwenye spika, na yule mwanamke alikuwa bado anawatwangia vijana chakula. Tumsifu akainua mguu aingie akazime.

Nikamshika mkono. “Mwache amalize.”

“Bibi, kivuli.”

“Amekaribia mwisho. Naujua wimbo.”

Ulikuwa na kipande ambacho mimi nilishakisahau. Nilikisikia kikipita, nikakishika. Singano naye alikuwa amegeuza sikio mlangoni, hapumui. Yule mwanamke akamaliza, akagonga mchi kwenye mdomo wa kinu kama ninavyogonga mimi mpaka leo, akanyamaza.

Tumsifu akaingia, akazima spika, akatoka, akavuta mlango. Kisha akatutazama uani mmoja mmoja, Singano, Mwanaidi, mtoto, akaishia kwangu, akahakikisha.

“Sasa hakuna mtu,” akasema.

Kule juu, ndani ya ukungu, minara ikaanza kunguruma.